Daktari wa Rejeta na Gari la Mama Mkwe

Daktari wa Rejeta aliliona lile gari jekundu asubuhi, limeegeshwa nyuma ya soko, na moyo ukamwambia: riziki hiyo, usilaze damu. Cheo cha udaktari alijipa mwenyewe. Hakusomea chochote, ila koti jeupe alikuwa nalo, na mjini koti ni nusu ya cheti.

Wiki hiyo alikuwa na shida ya kweli. Mama mkwe wake alimkabidhi bei ya gari zima, akamwambia: "Nitafutie gari, baba. Ukinichezea, mwanangu anarudi nyumbani." Na Daktari, pamoja na uhuni wake wote, alimpenda mkewe. Tatizo ni kwamba televisheni kubwa alishainunua, na mkononi ilibaki robo tu ya ile hela.

Sasa, injini haina siri. Maji huizunguka yakibeba joto, yakaenda kwenye rejeta pale mbele, yakapulizwa na upepo, yakarudi yamepoa. Ukizuia upepo, kilima kitamalizia kazi. Daktari akainama kama anayefunga kamba za viatu, akachomeka kipande cha boksi mbele ya rejeta ya watu, kisha akapanda kilimani kusubiri.

Haikuchukua muda. Gari likaja linafuka mvuke, likazimika miguuni pake. Akashuka mwalimu mstaafu, miwani shingoni.

"Shikamoo, mama. Usifungue kifuniko, utababuka!"

"Marahaba, mwanangu. Ni nini tena?"

Daktari akaweka sikio juu ya boneti, akafumba macho kama aliyefiwa. "Pole sana. Gasketi imeungua. Maji yanaingia kwenye oili. Hapa huna gari, mama, una chuma chakavu."

"Umejuaje, na boneti hujafungua?"

"Uzoefu."

"Makubwa! Fundi wangu ilimchukua siku tatu kuyaona hayo."

Daktari alisikia sifa tu. Mtu mwenye njaa ya sifa hasikii kingine. Akamhurumia, akajitolea kulinunua kwa ile robo yake, na mwalimu hakubishana hata kidogo. Kama kawaida yake, Daktari akatoa karatasi aliyokuwa nayo tayari, maana wateja wake walikuwa na tabia mbaya ya kurudi wakiona magari yao yanang'aa mjini: "Gari bovu, limenunuliwa kama lilivyo, halirudishwi." Mwalimu akaisoma yote, akasahihisha koma moja kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi, akachukua hela na nakala yake. Alishuka kile kilima kwa kasi isiyo ya umri wake.

Daktari akachomoa boksi, akasubiri injini ipoe, akaongeza maji, akateremka hadi nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake mama mkwe akaketi kiti cha mbele, kapendeza, mkoba mapajani. Walipofika katikati ya kilima, mshale wa joto ukapanda. Moshi mweupe ukatanda nyuma. Boksi si nililitoa? Daktari akaruka nje, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Kuna nini, baba?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Daktari alisema kweli. "Mama, gasketi imeungua. Maji yameingia kwenye oili. Hili si gari tena."

Mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwaka jana jirani yangu aliambiwa maneno hayohayo, hapahapa, na mtu mwenye koti jeupe. Nikajua ni wewe. Unadhani nilikupa hela zangu kwa uzuri wa sura yako? Nilitaka mwizi anitafutie gari zuri! Haya, toa hilo boksi, twende."

"Haki ya Mungu, mama, boksi halipo!"

"Toa boksi, baba, au nikitoka hapa namfuata mwanangu."

Daktari akapiga magoti mbele ya gari, akapenyeza mkono kwenye rejeta inayounguza, akaanza kuomba kwa moyo wake wote alikute boksi.