Wingu la Orioni Laonekana Kisegi

Jumatano, 22 Mei 1968
Shule yetu ya harambee inatafuta mwalimu wa sayansi. Mimi, Okemwa, muuza sabuni, naitaka kazi hiyo kuliko chakula! Mpinzani wangu ni Maurice, kijana mwenye cheti. Cheti! Mimi nina gazeti lililofungiwa sukari. Linasema katika Orioni, ile ya kitabu cha Ayubu, mna wingu linalozaa nyota. Nyingine zimejificha humo, jicho haliziwezi. Hunaswa na chombo kinachoona mwanga wa joto lake.

Alhamisi, 23 Mei
Nimeazima darubini ya wapima ardhi kutoka Macalder. Inaonyesha vitu kichwa chini, miguu juu. Si hoja, nyota hazina miguu. Nimemwalika jirani yangu Mzee Nicanor, mwenyekiti wa kamati ya shule, na mkewe Jedidah. Jumamosi, jua likitua, Sabato ikiisha. Maurice amejialika mwenyewe.

Ijumaa, 24 Mei
Chombo cha joto sina. Nimekiunda! Sanduku la sabuni, tundu la kuingiza mkono, ndani jiko la makaa, ili mtu aone amehisi joto la nyota. Jiko nimelitoa uani kwa Jedidah. Sabato hapiki, hatalikumbuka.

Jumamosi, 25 Mei
Aibu! Orioni imeinama juu ya ziwa, mwezi hakuna. Nikalenga. Nyota saba ndani ya ukungu! Nikapaza sauti kwamba zinazaliwa. Mzee Nicanor akachungulia, akachungulia tena. Akauliza tangu lini nyota huvaa kofia na kuvuta nyavu za omena. Usiku wa giza, wavuvi wote wako majini na taa zao, nami nimeishi hapa miaka sita!

Nikamwahi Jedidah kwa sanduku. Akaingiza mkono, akasema joto hili analijua. Akafunua. Yawa! Akauliza jiko lake limepanda mbinguni lini.

Maurice akainua darubini kidogo tu. Akasema wingu ndilo hilo, na zile zilizojificha ndani hatuna chombo cha kuziona. Nilichungulia pia. Ukungu mdogo, kama pumzi kwenye kioo. Mzuri mno. Niliumia roho.

Jumapili, 26 Mei
Maurice kapewa kazi. Mzee Nicanor ameniambia kwa upole kwamba mwalimu mzuri hukubali asichokijua. Nimelitafakari neno hilo asubuhi nzima.

Mchana nimeiandikia shule moja ya Kendu Bay. Naomba ualimu wa sayansi. Uzoefu: nimegundua nyota saba. Wadhamini: Mzee Nicanor na Bi Jedidah.