Malalamiko Dhidi ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Kwako Mhandisi Mkuu,
Ofisi ya kontena, chini ya kreni yangu.

Mheshimiwa Mhandisi,

Salamu zikufikie kutoka juu. Mimi ni mwendesha kreni wako, yule ambaye saiti nzima inamwita Tai. Nina miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeimaliza nikiwa juu kuliko kila mtu. Si mtu wa malalamiko. Lakini tangu jengo letu lipite ghorofa ya saba limeanza kuniharibia haja ndogo, na kwa heshima zote naomba lichukuliwe hatua.

1. Ngazi. Kutoka kwenye kiti changu hadi ardhini kuna vipandio mia mbili na kumi na viwili. Zamani nilishuka mara moja tu, saa ya chakula. Sasa nashuka mara saba. Mwenye akili ataona mwenyewe kuwa ngazi ikirefuka, haja nazo zinaongezeka.

2. Choo cha saiti kina kasoro ya kiufundi. Nafika pale nimebanwa nusura nilie, nikisimama hakitoki kitu. Nasubiri. Napiga mluzi. Nahesabu misumari kwenye bati. Kisha yanakuja matone, yanakatika, yanakuja tena, kama bomba la mtaa siku za mgawo. Juzi fundi zege mmoja alinipa shikamoo akiingia, akaniaga akitoka, akarudi baada ya chai akanipa pole. Nahisi sakafu imeinama.

3. Nikimaliza, sijamaliza. Napanda vipandio vyote, nakaa, nafunga mkanda, naitwa tena. Huo bila shaka ni mtikisiko wa kreni.

4. Tukio la Jumanne, ulipofungiwa ofisini dakika arobaini. Sasa nasema ukweli. Nilikuwa nimeinua matofali mia tatu ya ghorofa ya kumi na moja, nikabanwa ghafla, kubanwa kusikojua adabu. Mkono, mpiga ishara wetu, akaniita kwenye redio: "Tai, mbona mzigo umesimama?" Nikamjibu, "Nausoma upepo." Akasema, "Upepo upi, na bendera imelala?" Kanuni za usalama zinakataza kuacha mzigo ukining'inia, kwa hiyo niliutua mahali pa karibu palipokuwa wazi. Kwa bahati mbaya palikuwa mlangoni pako. Nilikusikia ukigonga kutoka ndani wakati napita mbio, unisamehe sikusimama. Hata hivyo sikuwahi. Siku hiyo nilirudi nyumbani na suruali ya kuazima, mimi, baba wa watoto wanne, nikapita uani ili wasinione.

5. Nimejitahidi kulisaidia jengo. Nimeacha chai, nimeacha maji. Ikifika saa nane mchana kichwa kinagonga na ndoano ya kreni naiona mbili. Mama watoto, ambaye ni muuguzi wa kliniki ya meno na kwa hiyo hana mamlaka yoyote chini ya kidevu, aliniambia, "Baba watoto, mkojo wa kukatikakatika hauletwi na ghorofa. Hiyo huenda ni tezi dume. Nenda ukapimwe." Nikamwambia baba yangu mzazi alikuwa hivihivi na hakwenda kwa mtu. Akaniuliza baba alifariki kwa ugonjwa gani. Nikasema mambo hayo hatukuulizana. Akaanza kukunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa, na sikupenda alivyozikunja.

Kwa hiyo naomba choo kipandishwe juu na kifungwe kando ya kiti changu. Ikishindikana, jengo likomee ghorofa ya saba, na waliochukua nyumba za juu wakae wawiliwawili na wa chini. Hilo nalo likishindikana, naomba ardhi ijazwe kifusi mpaka inifikie.

Msalimie nyapara. Msalimie Mkono, mwambie upepo ulikuwepo. Mama wa jikoni asalimiwe sana na aache kunimiminia kikombe cha pili kwa huruma. Salamu pia kwa fundi bomba, ambaye simlaumu kwa lolote.

Ni mimi mtiifu wako, kutoka juu,
Tai

N.B. Barua hii ilikuwa mfukoni Ijumaa iliyopita, mama watoto aliponikokota hadi hospitali. Unajua nitakalosema. Yule bwana kwenye benchi, aliyejifunika uso kwa gazeti lililopinduliwa juu chini, ulikuwa wewe. Ulisema umemsindikiza mtu. Mimi nilisema nimekuja kukagua paa. Kisha namba yako ikaitwa.

Sasa wewe unafanya kazi ardhini, choo kiko hatua nne kutoka mezani kwako, na ngazi hujaigusa tangu msingi umwagwe. Kwa hiyo jengo halina hatia, nalifutia mashtaka yote.

Daktari aliniuliza maswali mengi, akapima mkojo na damu, kisha akapima kwa kidole, kwa njia ya nyuma, kipimo nilichokikimbia tangu ghorofa ya saba na kikaisha kabla sijapata pa kutazama. Majibu ya damu nimeyapata leo. Tezi imekua na inabana njia. Dalili ya saratani hajaiona, ila nirudi kila mwaka aangalie tena. Mama watoto alilia kidogo, akasema ni vumbi. Nimepewa vidonge, na nimeambiwa nikae chini wiki moja kwanza, maana vinaweza kuleta kizunguzungu.

Wiki hiyo naomba meza ofisini kwako, karibu na mlango. Tukiinuka kwa pamoja, wewe ndiye mkubwa wangu, tangulia. Lakini Mhandisi, nakuomba sana, usikawie.