Pikipiki Iliyosifiwa Bila Mashaallah

Jumamosi, 7 Mei 2016

Imefika! Pikipiki ya milimani, mpya kabisa, vipande vipande ndani ya sanduku la mbao. Dukani walitaka kuniungia wao. Nimewakatalia. Shemeji yangu Muhiddin, aliyewahi kuniona nikiunga kitanda, alicheka mpaka akakohoa. Nitamwonyesha! Nimealika watu kesho waje kutoa hongera. Tairi la mbele bado, lakini nani ataangalia tairi?

Jumapili, 8 Mei

Banda la nyuma lilijaa watu. Kahawa, halua iliyonunuliwa Edgware Road, mjini London, Fatiha. Pikipiki tuliiegemeza juu ya kreti. Nikapanda, nikabana breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, kama niko kwenye mteremko. Mke wangu Mardhiya akapiga picha. Jirani yetu Kuldip, Singasinga wa Kisumu, akasema hajaona pikipiki nzuri kama hii mtaa wetu mzima wa Hayes. Tukanyamaza wote, tukingoja aseme Mashaallah. Hakusema! Akachukua halua, akaenda zake.

Jumatatu, 9 Mei

Tairi haliingii. Pedi za breki, zile mbili zinazobana diski ya chuma ya tairi, zimeshikana kabisa. Diski haina pa kupita. Na juzi nafasi ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu! Nimesukuma kwa mikono, nimesukuma kwa goti. Goti limevimba. Jambo liko wazi. Ni jicho la Kuldip.

Jumatano, 11 Mei

Nimefukiza ubani bandani. Moshi wote umekwenda kwa Kuldip, ukaingia kwenye vilemba vyake vilivyoanikwa. Akachungulia juu ya ua, akasema harufu tamu sana. Bila Mashaallah, tena! Pedi hazijaachana hata kidogo.

Ijumaa, 13 Mei

Siku ya kufukiwa hai. Baada ya sala niliwanong'oneza watu wawili tu kuhusu jicho la Kuldip. Kufika alasiri, Jaswinder, mkewe, kampita Mardhiya barabarani bila salamu. Kisha Kuldip mwenyewe kagonga mlango. Aliuliza kama ni kweli namwita mtu wa hasadi. Akanikumbusha kwamba mama yangu alipougua, ni yeye aliyempeleka hospitali kwenye theluji. Nikasema eti watu ndio wanaosema. Mimi! Akaondoka.

Halafu Muhiddin. Kampelekea fundi ile picha ya Jumapili, kisha kairudisha kwenye WhatsApp ya ukoo, London mpaka Maskati, mkono wangu umezungushiwa duara jekundu. Fundi anasema ukibana breki wakati tairi halipo, pedi hukutana zenyewe. Hata mtoto anajua hivyo, anasema. Shangazi wa Maskati ametuma vikaragosi vinane vya kucheka. Mardhiya hakucheka. Alisema nisimtazame mpaka niende kwa Kuldip.

Jumamosi, 14 Mei

Nimekwenda. Nikamwambia Kuldip kwamba ni mkono wangu, si jicho lake, na kwamba watu hawakusema, nilisema mimi. Jaswinder hakutoka jikoni. Kuldip akasema kilichomuuma ni kwamba nilimkaribisha halua huku namwogopa. Kama Mashaallah ilikuwa inatakiwa, si ningemwambia tu? Angesema hata mara mia. Nilitamani sakafu inimeze.

Hata hivyo alikuja. Akapenyeza bisibisi bapa katikati ya pedi, akaziachanisha taratibu. Tairi likaingia. Akakipiga kofi kiti cha pikipiki na kusema Mashaallah kwa sauti, barabara nzima isikie. Nikalia mbele yake. Nimeapa. Sitamdhania mtu vibaya tena maisha yangu yote.

Jumapili, 15 Mei

Pikipiki imekamilika. Haiwaki! Nimepiga kiki mpaka goti limevimba upya. Kuldip hana kosa, huyo amesema Mashaallah nimemsikia. Mardhiya kaja mlangoni kuuliza kama nimetia petroli. Petroli! Sijatia, lakini hiyo si hoja. Jana jioni alisimama hapo hapo, akaitazama weee, akasema inapendeza.

Akaishia hapo.