Dirisha Lililopona Bila Ridhaa Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Magari wa Mtaa Wetu,
Bariadi.

Ndugu Mwenyekiti Damas,

YAH: KUTENGENEZEWA DIRISHA KUPITA KIASI

Nakusalimu mwangaluka, na natumaini nyumbani wote ni wazima. Mimi si mzima. Namlalamikia, kwa heshima zote, fundi wako Machibya.

Mwezi huu nilimpelekea gari aliloniachia marehemu baba, la mwaka 1984, la madirisha ya umeme. Dirisha la dereva lilikuwa zito, nikamwomba alilainishe kidogo. Yeye akafungua mlango mzima, akatoa pamba iliyoingia humo miaka yote ya kufuata nyuma ya malori ya pamba, inayotosha mto wa kulalia. Akasafisha swichi, akabadili mipira, akapaka grisi. Sasa kioo kinapanda kama kinafukuzwa. Madhara ni haya:

1. Zamani kioo kilishuka kwa dakika nzima. Katika dakika hiyo nilikumbuka jina la mtu aliyesimama nje, la baba yake na la kijiji chao. Juzi kilishuka ghafla, nikakutana uso kwa uso na katekista Elia, mzee wa miaka themanini, nikamwambia "Mambo vipi". Naona aibu mpaka leo.

2. Mzee Januarius hupenda kuanza habari za ng'ombe wake wa Mwanhuzi nikiwa nimechelewa. Nilikuwa nabonyeza swichi, kioo kinapanda polepole, naye anainua kidevu na kufupisha, tunaagana vizuri amesimama kwa vidole. Jumatano kioo kilijifunga ghafla, ng'ombe wa hadithi akiwa bado mgonjwa. Sasa mtaa mzima wa Kiloleli unajua nina majivuno, na mimi sijui kama yule ng'ombe alipona.

3. Hili ndilo linaloniuma. Ijumaa, langoni mwa shule, nilimuuliza Mwalimu Justa kama nitume wazee kwao Bukoba. Nimejiandaa miaka mitano! Kidole kikateleza, kikagusa swichi. Zamani ningesikia jibu lote na maelezo yake. Safari hii niliona midomo tu, nyuma ya kioo ambacho Machibya alikisugua kikang'aa. Neno lilikuwa fupi. Lakini "ndiyo" ni fupi, na "hapana" nalo si refu. Nguvu ya kuuliza ninayo ya mara moja tu. Nikaondoa gari, nikaja kushtuka niko mbali, Mwamanyili.

Kwa hiyo naomba Machibya airudishe pamba yangu yote mlangoni, pamoja na vumbi lake. Pili, Umoja umwandikie Mwalimu barua yenye muhuri kumuuliza alisema nini. Na kama alikataa, Machibya akaombe upya kwa niaba yangu, maana kioo ni kazi yake.

Nisalimie mama Harieth, watoto, na mafundi wote isipokuwa mmoja.

Wako katika mashaka,
Sylvester Maduhu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mwalimu Justa amefika hapa kwa miguu, ameisoma barua hii yote na amecheka mpaka amekaa chini. Alisema ndiyo! Anasema mwanaume aliyevumilia dirisha bovu miaka mitano angemchumbia yeye kwa miaka kumi. Alipoona limetengenezwa, akajua sasa nina nia. Tafadhali Machibya asiguse kitu upande wa dereva. Aje tu na grisi yake kesho asubuhi: dirisha la abiria bado ni zito, na abiria amekataa kungoja.