Siku Saba Ng'ambo ya Mfereji

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nafasi ni moja. Miezi sita Norwei, kusomea malezi ya watoto wadogo, nauli juu yao. Chuo kizima kitatoa mwanafunzi mmoja tu. Fomu inataka siku saba za kujitolea na watoto "nje ya nchi yako", na barua ya kuthibitisha. Mwisho ni Ijumaa, tarehe 20, saa kumi jioni.

Lazima niende. Sina pa kurudia. Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Butula, niliinuka wakati wa matangazo nikasema nimeshachaguliwa. Ulimi ulitangulia. Wakaniombea, jogoo akachinjwa. Mama amenunua koti zito la mtumba linalofika magotini, na kila asubuhi analianika uani ili majirani walione.

Emuron naye anaitaka nafasi hiyo hiyo. Tunaishi naye chumba kimoja hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kijana wa Moding, mtu wa kupanga penseli zake kwa urefu. Atavukia Malaba, shangazi yake ana chekechea ng'ambo ya daraja. Eti atapita getini apigiwe muhuri. Mshamba! Nani hapa hupita getini?

Mimi siwezi kupita hata nikitaka. Kitambulisho kilipotea mwezi wa tatu, nina karatasi ya kusubiria tu. Lakini njia ya panya haimuulizi mtu kitambulisho.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimefika ng'ambo! Nilifuata akina mama wenye mabunda ya nguo nyuma ya soko. Kuna mfereji wa mpaka, maji meusi. Nikauruka. Kisha mahindi, njia inakunja kushoto, inakunja kulia. Kisha mfereji mwingine, wa kawaida tu. Nikauruka pia. Na mbele yangu: chekechea ya mabati ya bluu, watoto ishirini na watatu. Simu ikalia mfukoni. Ujumbe: Karibu Uganda. Nimeuhifadhi kama ushahidi.

Mkuu wa shule ni Mwalimu Apeduno, mama wa makamo, sauti yake haihitaji kengele. Nilimwambia nimetoka ng'ambo, naomba kujitolea siku saba. Alinishika mikono yote miwili. Alisema si kawaida kijana wa ng'ambo kuvuka kwa ajili ya watoto wao. Nilimwambia watoto ni watoto popote.

Ugeni kila mahali. Kibanda cha nje kinauza chapati ya mayai kwa shilingi za Uganda. Mpishi anaongea Kiganda. Kufikia saa sita nilikuwa nimeshaanza kuwakumbuka watu wa nyumbani. Nikarudi chumbani. Ni mwendo wa dakika kumi na tano.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Somo langu la kwanza: Nchi ya Jirani. Niliwachorea Kenya ubaoni. Nikauliza nani amewahi kufika Kenya. Mikono ishirini na mitatu ikapanda juu. Watoto wa mpakani wana safari! Auma, asiye na meno mawili ya mbele, alisema yeye hulala Kenya kila siku. Nilimweleza kwa upole kwamba uongo si mzuri.

Mmoja hakusema neno. Fazila, miaka mitano, baba yake ana duka la viatu. Mwalimu Apeduno anasema tangu aje mwezi uliopita hajafungua mdomo shuleni. Nyumbani anaongea hadi wanamwomba anyamaze. Shuleni, kimya.

Nimeapa. Ataongea kabla siku zangu saba hazijaisha. Nikifanikiwa, Norwei wataleta ndege mpaka Butula.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nilimwimbia Fazila. Kimya. Nilimwigizia bata. Kimya. Nilimwigizia bata anayekimbizwa na mbwa, nikaingia mguu mzima kwenye sufuria ya uji. Watoto ishirini na wawili walilia kwa kukosa uji. Fazila alicheka, lakini bila sauti, mabega tu. Hesabu yangu inasema hiyo ni nusu ya neno.

Mpishi amenipiga marufuku kukaribia jiko.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Sitasahau siku hii. Asubuhi watoto walipangwa mstari uwanjani, wakaimba wimbo wa taifa la Kenya. Wote, kwa Kiswahili, bila kukosea! Kwa heshima yangu! Nilisimama wima, machozi yakanilenga. Ni nchi gani nyingine ingempokea mgeni hivi? Nilimshukuru Mwalimu Apeduno kwa niaba ya wananchi wote. Aliniangalia kidogo, akasema karibu.

Hata vitabu wanavyotumia ni vyetu vya Kenya. Tumefika mbali.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nilikwenda Malaba kumchunguza Emuron. Nilitaka kumfumania amelala kwao Moding huku akijiandikia siku. Ole wangu. Nilimkuta getini kando ya foleni ya malori, amevaa fulana iliyopigwa pasi, anapeleka kalamu za rangi kwa shangazi. Pasi yake ya kusafiria ina mihuri kila upande. Maafisa wanamjua. Mmoja alimuuliza habari ya nyanya yake.

Emuron alinishauri nifuatilie kitambulisho na nipite getini kama yeye, maana barua bila muhuri inaweza kuleta shida. Alisema kwa wema kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi kwake. Nilimjibu kwamba mapenzi ya watoto hayapigwi muhuri. Alinilipia chai. Niliinywa kwa hasira.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Fazila alinishika kidole wakati wa mapumziko na hakukiacha mpaka saa ya kwenda nyumbani. Nilifundisha kuhesabu kwa mkono mmoja. Hakusema neno. Sikumlazimisha. Nilisahau hata kupiga picha za fomu.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Nimeangamia.

Siku ya saba. Mwalimu Apeduno aliwaita wazazi, akanisifu mbele yao, akanikabidhi barua yenye muhuri. Makofi. Nikaifungua. Inathibitisha kwamba ndugu Bwire, raia wa Uganda, amevuka mpaka kwa moyo wake na kujitolea kwa siku saba na watoto wetu hapa nchini Kenya.

Niliisoma mara tatu. Nikamvuta Mwalimu kando, nikamwambia kwa adabu kwamba nchi zimebadilishana mahali. Akacheka, akanipeleka nyuma ya choo. Kwenye nyasi kuna jiwe la mpaka. Choo kiko Kenya. Shule iko Kenya. Ng'ambo ya jiwe ndiyo Uganda. Akanieleza njia ya akina mama: mfereji wa kwanza unakutoa Kenya, mfereji wa pili unakurudisha. Ni mfereji ule ule, umejikunja tu.

Kwa hiyo kila siku nilikuwa Uganda kwa dakika nne. Zote kwenye mahindi.

Nikamwonyesha ujumbe wa simu. Alisema mwaka wa sita huu simu yake inamkaribisha Uganda kila asubuhi akipiga mswaki kwake, Kenya.

Nilitaka kumwambia mimi ni wa Butula. Lakini wazazi walikuwa bado wanapiga makofi, na mama mmoja alikuwa ameniletea ndizi za safari ya kurudi kwetu. Aliuliza ni mbali? Nikasema ni mbali.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Usiku mzima nilifikiri. Asubuhi nilikuwa na mpango. Jiwe liko nyuma ya choo. Uganda iko hatua moja. Siku saba za kazi zinaweza kubanwa: masomo saba ya dakika kumi, ng'ambo ya jiwe, picha ya kila somo, shati tofauti kila picha. Nilibeba mashati saba.

Nilimwambia Mwalimu Apeduno nitaongeza siku moja ya shukrani, nitawatembeza watoto waone mimea. Akakubali. Tukapita choo, tukapita jiwe. Somo la kwanza, mahindi. Somo la pili, mahindi tena. Nilikuwa navaa shati la tatu askari wa ng'ambo alipotokea kati ya mistari.

"Boss, hawa watoto unawapeleka wapi?"

Nilisema ni masomo. Akaniuliza kwa nini ninafundisha huku ninavua nguo. Akaomba kitambulisho. Nikatoa karatasi ya kusubiria, ambayo ilikuwa imeloa uji tangu Jumatano iliyopita. Akauliza mimi ni wa nchi gani. Hapo nilisita. Sikuwahi kufikiri swali hilo linaweza kuwa gumu.

Ndipo sauti ikatoka chini, karibu na goti langu, safi kama ya msomaji wa habari:

"Ni mwalimu wetu. Ametoka Uganda. Anatupeleka kwao."

Fazila! Siku saba nilisubiri, akanipa maneno saba, na yote yalinichimbia kaburi. Nililia. Nililia kwa furaha, nakuapia, shajara yangu, kwa furaha tupu. Askari aliona machozi akajua amemkamata mwizi wa watoto. Akaniketisha chini.

Mwalimu Apeduno alikuja mbio na mwiko mkononi. Alihesabu watoto: ishirini na wawili. Auma hakuwepo. Hapo sikufikiria Norwei hata kidogo, niliingia mahindini nikiita Auma kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimkuta ameketi anatafuna hindi bichi, hana habari. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye jiwe.

Nikasema ukweli wote. Butula, koti, kanisa, jogoo. Mwalimu Apeduno alikaa juu ya jiwe la mpaka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alipomaliza kucheka alisimama akanigombeza vilivyo, yeye akiwa Kenya, mimi nikisikiliza nikiwa Uganda. Aliniuliza ningewaambia nini wazazi kama Auma angepotea. Askari alituachilia akisema siku nyingine nifundishe nikiwa nimevaa.

Fazila aliongea njia nzima ya kurudi darasani. Aliongea mpaka Auma akamwomba anyamaze.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Madam Anjeline, anayepokea fomu pale chuoni, alisoma barua yangu akavua miwani. Aliuliza nimekuwa raia wa Uganda tangu lini. Nilisema ni habari ndefu. Alisema barua ni halali, muhuri ni halali, lakini mambo ni mawili: ama mimi ni Mkenya na sikutoka nje ya nchi yangu, ama mimi ni Mganda na nilitoka. Nichague kabla ya kesho saa kumi.

Kisha akasema mambo mengine. Kwamba Mwalimu Apeduno amempigia simu. Kwamba baba yake Fazila alifika shuleni asubuhi na jozi ya viatu vya kunipa, bure. Kwamba kuna nafasi ya mwalimu msaidizi kuanzia muhula ujao, itahesabiwa kama mafunzo yangu ya vitendo, na watoto wameniulizia mara nne tangu jana. Kwamba wanafunzi wengi humaliza chuo bila kuuliziwa na mtoto yeyote.

Yalikuwa maneno mazuri. Lakini nilikuwa nimeshaacha kusikiliza pale aliposema nichague.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Nimechagua. Mimi ni Mganda!

Mbona sikuliona mapema? Barua haina kosa hata moja. Kosa ni langu, la kuzaliwa upande huu. Na hilo linarekebishika. Nilimpigia Mama nikamuuliza nyanya alizaliwa wapi. Alisema Majanji, ng'ambo kabisa, ufuoni mwa ziwa. Damu! Nikamwambia basi sisi ni Waganda. Mama aliuliza kama nimekula. Isitoshe, kitambulisho changu cha Kenya kilipotea. Nani atathibitisha kwamba mimi ni Mkenya?

Ilibaki barua ya mwenyekiti wa kijiji cha ng'ambo, ya kusema ananijua. Saa saba niliingia njia ya akina mama, nimevaa koti, ambalo Mama alinitumia jana kwa matatu, ili nionekane mtu wa safari. Nilipita karibu na shule. Watoto walinikimbilia, Fazila mbele, akiongea. Alitaka kujua nitarudi lini darasani. Nilimwambia ninaenda kwetu kwanza. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikaonyesha kidole upande fulani. Nilikaa nao mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, sijui saa zilikwenda vipi.

Ikabidi nikimbie. Mfereji, mahindi, mfereji. Nikamkuta mzee mmoja ana meza, kalamu na muhuri, nyuma ya soko linalofanana sana na letu. Alinipokea vizuri sana. Aliandika kwamba Bwire anajulikana kwake na ni mwenyeji wa hapa, akagonga muhuri. Sikumuuliza hapa ni nchi gani. Mtu haulizi nchi yake mwenyewe.

Saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa mezani kwa Madam Anjeline, jasho linatiririka ndani ya koti. Emuron alikuwa pale, ameshapeleka fomu yake tangu asubuhi, ndani ya bahasha. Nilimpa mkono, nikamtakia heri kama raia wa nchi jirani. Barua ya mzee sikuisoma, wino ulikuwa bado mbichi. Madam anaisoma sasa, polepole, amevua miwani tena. Mimi nimetulia. Simu ilinikaribisha Uganda kabla sijafika kwa mzee, na mpaka wenyewe safari hii sikuuchezea. Juzi niliambiwa kuvuka mara mbili hakutoshi. Leo mfereji nimeuvuka mara nne.