Barua ya Posa kwa Neno Moja

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Leo nimejipongeza mwenyewe. Ninaandika programu za maduka ya dawa hapa Likasi, na msaidizi wangu ni akili bandia inayojibu kwenye terminal, ile skrini nyeusi ya maandishi matupu. Kunakili majibu yake kwa kipanya kulikuwa mateso, mistari inakatika ovyo. Sasa nimeiundia kiendelezi, kijiprogramu cha nyongeza. Naandika neno moja, jibu zima linanakiliwa, nabandika popote. Bukari, ugali wetu wa huku, imepoa mezani. Si kitu.

Jumatano, 8 Oktoba
Josée, msichana ninayetaka kumwoa, anasema baba yake yuko tayari kupokea barua yangu ya kujitambulisha. Bila barua wazee wangu hawapokelewi, na bila wazee hakuna ndoa. Baba huyo, Papa Georges, amefundisha darasa la sita miaka thelathini. Anataka barua ya mkono. Éphraïm wa machimbo ya Kakontwe, anayemtaka Josée huyo huyo, ameonekana akinunua kalamu. Maskini.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwagiza msaidizi: unyenyekevu mwingi, machozi kiasi, na aseme nyumba yangu imekwisha kujengwa. Neno moja, nikabandika. Nikachapisha kwa herufi za mfano wa mwandiko wa mkono, umeme ukakatika karatasi ikimaliza kutoka, nikaikunja gizani bila kuisoma. Bahati yangu hiyo. Bahasha imeshafika.

Jumapili, 12 Oktoba
Balaa. Niliitwa baada ya misa. Papa Georges akaisoma kwa sauti mbele ya wajomba wote. Kiendelezi kilikuwa kimenakili jibu zima, kweli zima. Ilianza: hii hapa barua uliyoomba, machozi nimeweka kiasi. Ikaisha: angalizo, uliniambia nyumba haina bati wala milango, nakushauri umwambie mzee ukweli.

Mjomba mmoja alitoka nje kucheka. Josée alitazama sakafu. Nilijua nimempoteza, na iliniuma sana, sitaficha.

Papa Georges akavua miwani, akauliza huyo mshauri ni nani. Nikasema ni mashine. Akasema: basi imelelewa vizuri kuliko wewe. Akanipa kalamu, niandike pale pale. Mistari mitatu: nampenda Josée, nyumba haina bati, naomba wazee wangu wapokelewe. Akasahihisha makosa matano kwa wino mwekundu, akasema wazee waje Jumamosi.

Éphraïm nasikia bado yuko ukurasa wa pili wa barua yake.

Jumanne, 14 Oktoba
Naimba hata nikioga. Kosa nimeligundua: kiendelezi kilikuwa kinanakili kupita kiasi. Nimekifundisha kukata mwanzo na mwisho wa kila jibu. Barua ya shukrani kwa Papa Georges imekwenda asubuhi hii, kurasa mbili safi, pamoja na ahadi zangu zote kwa familia. Josée ameuliza nimeahidi nini. Nimemwambia asubiri, nitamuuliza msaidizi.