Mtaalamu wa Kompyuta na Mizinga ya Ziba

Lukumani wa Gongoni hakuwahi kuiona kompyuta hata kwa mbali, lakini hilo halikumzuia kuwa mtaalamu wake. Alichokiona ni sanduku. Lilikuwa stesheni ya Tabora likisubiri treni ya Dar es Salaam, limejaa kadi ngumu zenye matundu. Mwanne, karani wa ushirika aliyezitoboa, alimweleza kwa fahari kwamba kila kadi ni agizo moja kwa mashine ya huko, inayopanga mgao wa vifaa vya vijiji vya ujamaa mkoa mzima.

"Ikikosekana moja?"

"Itavuruga, kaka yangu. Mashine haijui kubahatisha."

Mtoto akalia mgongoni mwa Mwanne. "Niangalizie sanduku, nimnyonyeshe mara moja."

Lukumani akaliangalia kwa moyo wote. Mwanne aliporudi, kadi moja ilikuwa imeshahamia ndani ya shati.

Wiki tatu baadaye, mizinga ya nyuki mia nne, ya mkoa mzima, ikashushwa Ziba kwa wafuga ng'ombe. Bukene, kwa wafuga nyuki wenyewe, hawakupata hata kifuniko. Meneja wa ushirika, Ndugu Luhende, akapiga meza: kosa lisipoonekana kufikia Ijumaa, Mwanne abebe mwanawe, kazi hana.

Alhamisi mtaalamu akaingia ofisini na tai, ndevu alizozifuga kwa shughuli hiyo, na miwani.

"Nimesomea makosa ya mashine ng'ambo," alisema. "Ujira wangu ni ile baiskeli mpya ya ofisi. Ujamaa ni kusaidiana, Ndugu Meneja."

"Ukilipata kosa, utaipanda leo leo."

Lukumani akalinusa sanduku lililorudi toka Dar. Akazigonga kadi kwa kidole kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Akatambaa chini ya kabati, akaibuka na kadi na vumbi la kutosha.

"Hii hapa! Haikusafiri kabisa. Uzembe wa karani!"

Macho ya Mwanne yakalengwalengwa na machozi. Moyo ukamchoma Lukumani, lakini kidogo tu, kama kijiwe ndani ya kiatu.

"Shikamoo, mtaalamu," Mwanne akasema taratibu.

"Marahaba, binti."

"Ni kweli, kadi hii ndiyo inayoiambia mashine: umemaliza kijiji hiki, nenda kingine. Bila hiyo iling'ang'ania Ziba." Akaifuta vumbi. Ukingoni palikuwa na alama nyekundu. "Kadi zikimwagika zinavurugika, ndiyo maana huzipigia mstari wa mshazari kwenye kingo zote. Tazama pengo hapa sandukuni." Akaichomeka, mstari ukaungana.

"Si nilisema!" Lukumani akashangilia.

"Ila mstari huu niliupiga stesheni, sanduku likiwa limeshatoka ofisini. Kadi hii ilirudije chini ya kabati?"

Mtoto, aliyekuwa akimtazama mtaalamu kama mtu anayemfahamu, akanyoosha mkono kwenye miwani. Kidole kikapita moja kwa moja hadi jichoni.

"Kumbe haina vioo!" Luhende akanguruma. "Niite polisi!"

"Polisi wapo tu, hawakimbii, Ndugu Meneja," alisema Mwanne akimbembeleza mwanawe. "Mtaalamu ameahidiwa baiskeli. Apewe. Lori halina mafuta, na Bukene wanasubiri."

Akapewa. Mgambo Bundala akapewa nyingine, amfuate nyuma: Ziba hadi Bukene, mizinga miwili kila safari. Safari tano za kwanza zilikuwa za jasho tu. Ya sita, mizinga ilikuwa imeshapata wenyewe: nyuki.